Shangazi wa Bustani: Tumbaku inayotaka mkono mwepesi

SWALI: Shikamoo Shangazi. Naishi South Valley hapa Albuquerque, mwaka wa nne sasa, nafanya kazi jikoni hotelini. Mwenzangu wa zamu, mzee wa Kipueblo (Wenyeji wa Asili wa huku New Mexico), alinipa mbegu kidogo alizozifunga kwenye karatasi ya risiti. Akasema, "Hii ni tumbaku yetu ya sala," kisha akarudi kwenye vitunguu vyake. Mwaka jana mwezi wa nne nilitifua kitalu vizuri, nikafukia nusu ya zile mbegu kina cha kidole kimoja, nikamwagilia kila jioni. Haikuota hata moja. Nusu nyingine ninayo bado, naogopa kuigusa. Nilikosea wapi? Sheria inaniruhusu kulima tumbaku nyumbani? Na la mwisho, naona haya kumuuliza mwenyewe: hiyo sala hufanywaje, nisije nikaitumia vibaya?
Mpishi wa South Valley

JIBU: Marahaba mwanangu. Kina cha kidole! Hukuzipanda hizo, ulizizika.

Usijilaumu sana lakini. Pakiti yangu ya kwanza niliipata miaka tisa iliyopita kutoka Native Seeds/SEARCH, lile shirika la Tucson linalohifadhi mbegu za mazao ya jangwani tangu 1983. Nami nilizifunika udongo, tena nikakanyaga juu kwa kiatu ili zishike. Kimya. Mwaka wa pili nikawa nimeambiwa zikae juu, nikaziweka juu, halafu nikazimwagia maji kwa kopo. Zote zikasombwa hadi pembe moja ya trei, zikaota palepale kama nywele, mamia kwenye nafasi ya sarafu. Niliketi na kibanzi cha meno nikizitenganisha mpaka mgongo ukakataa.

Tazama hizo mbegu kwenye kiganja. Gramu moja ina maelfu. Mbegu ya hindi imebeba chakula cha kuisukuma juu kupitia udongo wa kidole kizima. Hii haikubeba kitu. Isitoshe, inataka mwanga ndipo iamke. Kwa hiyo chukua trei ya udongo laini uliochekechwa, iweke ndani ya sinia lenye maji mpaka udongo uloe kutoka chini. Changanya mbegu zako na kijiko kimoja cha mchanga mkavu, nyunyiza, kisha gandamiza kwa mgongo wa kijiko. Basi. Usifunike kwa udongo hata kidogo. Funika trei kwa plastiki inayopitisha mwanga, weka mahali penye joto la nyuzi 21 hadi 27 za Selsiasi, na kila unapohitaji maji yapite chini, kwenye sinia. Siku 7 hadi 14 utaona vumbi la kijani. Mimi huona siku ya tisa au ya kumi.

Na usitumie zote! Tumia robo ya ulizobaki nazo, zilizobaki zirudi kwenye karatasi yake.

Kabla hujaendelea, nataka umuulize mzee swali moja tu, na si lile la sala. Muulize: "Hii hupandwa, au huokotwa porini?" Hapa New Mexico kuna tumbaku zaidi ya moja. Ile inayopandwa bustanini mara nyingi ni Nicotiana rustica, ambayo asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, ikasafiri kutoka mkono hadi mkono hadi ikawa ya watu wengi wa bara hili. Majani yake ni mapana, ya mviringo wa yai, yana kikonyo, yananata kama umeyapaka asali. Maua ni mafupi, manjano ya kijani. Mmea hauzidi sana kiuno. Ile ya porini, Nicotiana attenuata, watu wa huku huiita tumbaku ya koyote. Majani yake ni membamba, maua meupe marefu kama tarumbeta, na hufunguka jioni. Hiyo ni mbegu ya subira: hukaa ardhini miaka mingi ikisubiri moto upite, na kemikali za moshi wa kuni zilizoungua ndizo zinazoiambia iote. Kama mzee amekupa hiyo, kimya cha mwaka jana huenda kilikuwa usingizi tu, na kitalu chako kinaweza kukushangaza siku utakayochoma majani karibu nacho. Ila kwa kuwa aliiita "yetu" na akakupa mbegu uzipande, nakujibu kama umeshika rustica.

Kalenda yako. Sia ndani ya nyumba katikati ya mwezi wa tatu. Nyie wa bondeni msidanganyike na joto la mchana wa Aprili. Hewa baridi huteremka usiku na kulala kando ya mto Rio Grande, na jalidi inaweza kukushtukia hata mwanzo wa Mei. Mimi nikiwa North Valley hupandikiza baada ya tarehe 10 Mei. Wenzetu wa Santa Fe, walio kwenye mwinuko wa mita 2,200 hivi, wangoje mwisho wa mwezi. Mche uwe na majani manne au matano, na kabla ya hapo uuzoeshe: siku ya kwanza saa moja nje kivulini, ya pili mbili, hivyo hivyo kwa wiki nzima. Upepo wetu wa majira ya kuchipua unachana majani kuliko jua linavyoyaunguza. Mimi huinamishia kila mche kopo la bati lililotobolewa pande zote kwa siku tatu za kwanza. Nafasi kati ya mche na mche, nusu mita au zaidi kidogo.

Udongo wa bondeni ni tope la mto lenye chokaa nyingi. Tumbaku hii haijali sana. Ndoo moja ya mboji kwa mita moja ya mraba inatosha. Nilipoijaza samadi mbichi mwaka wa tatu nilipata majani makubwa mno, mazuri kupigia picha, yaliyokataa kukauka na yakaishia kuota ukungu.

Maji: mara mbili kwa wiki mwezi wa sita, kwenye shina, si juu ya majani. Albuquerque hupata kama milimita 220 tu za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa huja kwa ngurumo kati ya Julai na Septemba, kwa hiyo hizo mvua zikianza weka mpira chini. Kama uko kwenye zamu ya asekia, mfereji wetu wa pamoja, fungulia maji yapite kwenye mfuo na uyakate yakifika mwisho. Mizizi ikilala majini usiku kucha, asubuhi utakuta majani yamelegea kama kitambaa, nawe utadhani ni kiu, utaongeza maji, na utaumaliza mmea kwa huruma.

Maua yakianza kujitokeza, kata vilele vya mimea yote isipokuwa mmoja au miwili ya mbegu. Mmea uliokatwa kilele unarudisha nguvu kwenye majani, na pia unatoa machipukizi kwenye kila kwapa la jani. Yavunje kwa kidole kila wiki. Majani ya chini yakipata mabaka ya manjano na kuwa mazito mkononi, anza kuvuna kutoka chini kwenda juu. Au fanya kama mimi: kata shina zima, litundike kichwa chini kwenye banda.

Kukausha ndiko kunakowashinda wengi huku, kwa sababu hewa yetu ni kavu kupita kiasi. Jani likitundikwa peke yake kwenye upepo hukauka kijani kwa siku tatu, likawa kama nyasi, halikupata muda wa kuiva. Yabananishe. Tundika mashina yakigusana, kivulini, mlango nusu wazi, ili unyevu wake yenyewe uyacheleweshe. Yakigeuka kahawia yote, pamoja na mshipa wa katikati, usiyaguse mchana maana yatavunjika kuwa unga. Ngoja alfajiri ya siku iliyonyesha. Yatakuwa laini kama ngozi, na hapo ndipo utayakunja.

Sheria. Serikali ya shirikisho haikukatazi kulima tumbaku kwa matumizi yako mwenyewe nyumbani wala haidai kodi juu yake. Siku utakayomuuzia mtu iliyotengenezwa tayari kuvutwa, umeingia kwenye mambo ya vibali na ushuru, na ofisi inayoyasimamia, TTB, haina mzaha.

Sasa sala. Mwanangu, vizuri umeona haya. Ibaki na haya yako. Yanayosemwa hadharani ni machache: kwamba tumbaku ni sadaka, na kwamba moshi hufananishwa na mawingu na mvua, jambo ambalo mtu wa nchi kavu kama hii analielewa bila kufafanuliwa. Mengine yako ndani, na kuna sababu ya kuwa ndani. Mwaka 1675 gavana wa Kihispania aliwakamata viongozi 47 wa dini ya Kipueblo, akawashtaki kwa uchawi, wengi wakachapwa viboko. Mmoja wa waliochapwa alikuwa Po'pay wa kijiji cha Ohkay Owingeh, na miaka mitano baadaye, Agosti 1680, yeye na wenzake waliwatimua Wahispania kutoka New Mexico kwa miaka 12. Usidhani mambo yaliishia hapo. Mwaka 1921 serikali ya Marekani yenyewe ilitoa waraka wa kuzibana ngoma za kidini za Wenyeji wa Asili, na sheria ya kulinda uhuru wao wa dini haikupitishwa mpaka 1978. Mzee wa umri wa mwenzako alizaliwa kabla ya hapo. Ndiyo maana ukienda kijiji cha Kewa, ambacho ramani za zamani hukiita Santo Domingo, kwenye sikukuu ya tarehe 4 Agosti, unakaribishwa kutazama ngoma ya mahindi ila kamera unaiacha garini.

Kwa hiyo jibu la "nisije nikaitumia vibaya" ni kwamba huitumii. Hukupewa sala, umepewa mbegu. Ilime, ikaushe, na mwezi wa kumi mpelekee mzee kifurushi cha majani ndani ya kitambaa safi cha pamba (si mfuko wa plastiki, tafadhali, yataota ukungu na wewe utaona aibu). Mkabidhi, rudi kwenye vitunguu vyako.

SWALI: Shangazi, nilipanda tumbaku ya Kipueblo mstari mmoja na nyanya na pilipili zangu kwa sababu nafasi ni ndogo. Sasa majani ya nyanya yana mabaka, mengine yamejikunja, na usiku mmoja shina zima la tumbaku lilibaki uti. Niling'oe kipi?
Mama wa Rio Rancho

JIBU: Dada yangu, umewaweka ndugu watatu kitanda kimoja. Tumbaku, nyanya na pilipili ni ukoo mmoja, wanaambukizana na wanaliwa na wadudu walewale.

Aliyekula shina ni kiwavi wa nondo Manduca, mkubwa kama kidole chako cha kati, kijani, ana pembe mkiani. Mwenye mistari saba ya mshazari na pembe nyekundu ndiye anayeitwa wa tumbaku, mwenye alama za V na pembe nyeusi ya samawati anaitwa wa nyanya, lakini wao hawajui majina hayo na kila mmoja anakula vyote viwili. Mchana humwoni hata akiwa mbele ya pua yako. Tafuta kinyesi chake, vidonge vyeusi juu ya majani ya chini, kisha inua macho. Au toka usiku na tochi ya mwanga wa urujuani, ile ya kutafutia nge: kiwavi anang'aa kijani kama taa ya duka. Mara ya kwanza nilipoijaribu nilicheka peke yangu gizani mpaka mume wangu akafungua dirisha. Ukimkuta amebeba vifuko vyeupe mgongoni kama punje za mchele, mwache. Hivyo ni vya nyigu wadogo waliotagwa mwilini mwake. Yeye amekwisha, na nyigu watakaotoka watakulindia bustani. Mimi pia huacha mmea mmoja pembeni kwa ajili ya viwavi hawa, kwa sababu nondo mwenyewe jioni akisimama hewani mbele ya ua ni mzuri kuliko nyanya zangu.

Mabaka ni jambo la kuangalia vizuri zaidi. Kama ni mabaka ya kijani cheupe na kijani kilichokolea, jani limepindapinda lakini bado laini, huenda ni virusi vya mozaiki ya tumbaku, hao hao ambao mwanasayansi wa Urusi, Dmitri Ivanovsky, aliripoti uchunguzi wake juu yao mwaka 1892, kabla dunia haijajua virusi ni nini. Hawana dawa. Ng'oa, tia kwenye mfuko, usitie kwenye mboji. Wanasafiri kwa mikono, mikasi na nguo, na wanaishi kwenye jani kavu miaka. Mvuta sigara anaweza kuwatoa kwenye sigara yake hadi kwenye nyanya yako, kwa hiyo wageni wako wanawe kwa sabuni kabla ya kugusa kitu. Mikasi ichovye kwenye maziwa; protini ya maziwa huvidhoofisha virusi hivyo.

Lakini kama jani limejikunja kuelekea juu, gumu kama karatasi, na mishipa ya chini imekuwa zambarau, hilo si mozaiki. Ni ugonjwa wa kujikunja unaoletwa na mdudu mrukaji mdogo wa jangwani, na mwaka wa wadudu wengi huku New Mexico kila mtu anaupata, mwenye tumbaku na asiye nayo. Mwaka ujao funika nyanya changa kwa wavu mwembamba mpaka zianze kuchanua, na tumbaku ihamie upande wa pili wa nyumba.

SWALI: Mume wangu alisokota jani moja la tumbaku ya bustani akavuta mara tatu. Alitapika, akatoka jasho baridi, akalala sakafuni. Sasa anasema mmea una laana kwa kuwa si wetu. Ni kweli?
Asiyetaka jina, Santa Fe

JIBU: Laana yake inaitwa nikotini. Jani la rustica linaweza kufikia asilimia 9, na sigara ya dukani haikaribii hapo. Wakoloni wa Kiingereza wa Virginia nao waliikuta ikilimwa na wenyeji, wakaiona kali mno, na ndiyo maana John Rolfe, yapata 1612, alileta mbegu za tumbaku ya aina nyingine kutoka kusini. Mumeo amefikia uamuzi uleule kwa njia fupi.

Ila nitakuwa mkali hapa kidogo. Akirudiwa na hali hiyo, mpigie 1-800-222-1222, simu ya taifa ya masuala ya sumu, mchana na usiku; akizimia au akishindwa kupumua ni 911. Na si kuvuta tu. Jani bichi lenye umande linapitisha nikotini kwenye ngozi, kwa hiyo vuna jua likiwa limekausha umande, vaa glavu na mikono mirefu. Mbwa wangu alitafuna shina moja lililoanguka; alitapika usiku kucha na bili ya daktari wa mifugo ilinifundisha kujenga uzio. Mwenye watoto wanaotambaa au mbuzi asianze kabla ya uzio.

SWALI: Shangazi, mmea wangu mmoja umechanua. Mbegu nizikusanye vipi, na je naweza kuziuza?
Kijana wa Bernalillo

JIBU: Rustica hujichavusha yenyewe, kwa hiyo mmoja unatosha. Lakini ndege wavumaji na nondo hupita, na jirani yako akiwa na rustica ya kijiji kingine watazichanganya. Kabla maua hayajafunguka, vika kichwa kimoja mfuko wa kitambaa chembamba, funga kwa uzi. Maganda yakiwa kahawia na yakiita kama kayamba ukiyatikisa, kata shina, lipindue ndani ya mfuko wa karatasi. Ganda moja tu litakupa mbegu nyingi kuliko utakavyoweza kupanda maisha yako yote, na mahali pakavu penye baridi zitadumu miaka kadhaa.

Kuuza, mimi nasema hapana. Hakuna polisi atakayekuja kwa ajili ya pakiti ya mbegu, lakini kubandika jina la kijiji cha watu kwenye bidhaa yako ni jambo ambalo wenyewe hawakukutuma. Zigawe kama ulivyogawiwa, na umwambie anayepokea zimetoka wapi. Kwenye karatasi andika mwaka na andika aliyekupa. Kama hukuambiwa ni za kijiji gani, usibuni. Andika tu "kutoka kwa jirani, Bernalillo", na tarehe.